Programu ya ghalani si lazima ijengwe kwenye kompyuta ya ghalani

Kauli ninayoisikia sana kwa vijana wanaoandika programu hapa Mtwara ni kwamba programu ya Windows ikompailiwe (msimbo ugeuzwe kuwa faili linaloendeshwa na kompyuta) ndani ya Windows, ya Linux ndani ya Linux, na anayekompaili huku ili itumike kule anatafuta njia ya mkato. Wana hoja, nitaifikia. Ila karibu kila mmoja wao ana simu ya Android mfukoni, na programu zilizojaa humo zilijengwa kwenye kompyuta za mifumo endeshi mingine kabisa. Hiyo hawaiiti njia ya mkato.

Tuchukue kazi ya kawaida ya huku. AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya Masasi au Ruangwa inataka programu ya kupokelea korosho: namba ya mkulima, kilo, daraja, risiti. Mwandishi wa programu ana kompyuta mpakato yenye Ubuntu, aina ya Linux. Karani ana ya mezani, Windows 7 ya biti 32, RAM gigabaiti 2. Kwa lugha ya Go, mwandishi anaandika GOOS=windows GOARCH=386 go build, yaani jenga kwa Windows ya biti 32, anasubiri kidogo, anapata faili moja la .exe. Linaingia kwenye flashi, flashi inapanda bodaboda. Kwa kuwa ni la biti 32, faili hilohilo litafunguka hata kwenye kompyuta mpya ya mhasibu yenye Windows ya biti 64. Urahisi huu si wa jana: tangu Go 1.5 ya Agosti 2015, kompaila moja uliyoipakua inatoa faili za mifumo mingine pia.

Ukifuata kauli ya vijana, una njia mbili. Ya kwanza ni kupakia zana zote kwenye kompyuta ya karani, ileile inayohema kufungua jedwali la Excel. Ya pili ni kuweka Windows ndani ya mashine pepe, kompyuta ya kuigizwa, kwenye kompyuta yako. Faili la kusakinishia Windows 10 peke yake linazidi gigabaiti 4, na hapo hujagusa zana za kujengea. Mwenye faiba Dar es Salaam atacheka. Kwa anayeishi kwa bando, gigabaiti 4 ni hela ya chakula, na umeme ukikatika kwenye gigabaiti ya tatu huenda ukaanza moja. Halafu ukishaishusha uigawie nusu ya RAM yako, usikilize feni. Yote hayo ili kupata faili ambalo Ubuntu ingekutolea bila jasho.

Wapo wanaosema tuma msimbo kwenye seva za mbali zikujengee kwa kila mfumo. Ni njia nzuri mtandao ukiwepo. Lakini Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, na tarehe 12 mwezi uleule kebo za baharini za EASSy na Seacom nazo zikakatika. Barabara na mtandao, mwezi mmoja. Mwenye kompaila kamili mezani kwake hakuhitaji kumsubiri yeyote.

Mafundi wa pwani hii hawaundi jahazi majini. Huliunda nchi kavu, wakalikalafati, ndipo wakalishua. Lakini pia hawalipakii mzigo kabla hawajaona kama linavuja, na hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu.

Kompaila ikinyamaza haina maana programu ni nzima. Mfano unaouma ni SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya programu yenyewe. Maktaba ya go-sqlite3, inayotumiwa na wengi, imebeba msimbo wa lugha ya C, na Go ikikompaili kwa mfumo mwingine huizima C bila kukuuliza. Programu inajengwa bila kosa hata moja. Inafika ghalani, karani anabonyeza, hifadhidata haifunguki, na foleni ya wakulima inaanza kumtazama. Dawa ipo: weka MinGW-w64, kompaila ya C inayotoa faili za Windows, kwenye Ubuntu, ielekeze Go huko, washa C kwa CGO_ENABLED=1. Ila wengi huijua dawa hiyo baada ya aibu.

Lingine ni toleo. Go 1.20 ya Februari 2023 ndiyo ya mwisho kuitambua Windows 7, tangu 1.21 ya Agosti mwaka uleule inatakiwa Windows 10 kwenda juu. Faili linaweza kutoka safi kwako likagoma kwa karani. (Najua, Microsoft iliachana na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kamwambie hivyo mwenyekiti wa chama katikati ya msimu.)

Sasa tupime. Kosa la SQLite ungeliona mapema kama ungejengea kwenye Windows. Hilo nawapa vijana. La toleo usingeliona, maana Windows yako ingekuwa 10 au 11, si ile 7 ya ghalani. Wala usingeijua printa yake ya risiti, wala kizuia virusi chake, na vizuia virusi vina tabia ya kuzishuku .exe za Go hata zikiwa safi. Kujengea kwenye Windows kunakupa Windows fulani tu. Kompyuta ya karani hakukupi. macOS naiweka kando: masharti ya Apple yanataka zana zake zitumike kwenye mashine zake, na ghalani sijaona hata moja.

Kwa hiyo hela ya kushusha Windows ningeifanya nauli ya kwenda Ruangwa mwezi Septemba, kabla korosho hazijaanza kuingia. Nikae na karani, nitoe risiti hamsini kwenye printa yake, na kwenye ya ishirini nichomoe waya wa umeme nione hifadhidata inarudije.