Kabila la 44 na swali la ushago

Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ya Uhuru Kenyatta ilitangaza katika gazeti rasmi kwamba Wakenya wenye asili ya Kiasia wamekuwa kabila la 44. Wamakonde walikuwa wametangulia kwa miezi michache na kupewa nambari 43. Ngara na Parklands, mitaa ya Nairobi yenye Waasia wengi, hawakulipokea tangazo hilo kwa kauli moja. Katika nyumba moja ungemkuta babu amefurahi kwamba hatimaye ametajwa, na mjukuu wake anauliza: kwani jana tulikuwa nani?

Mimi niko upande wa mjukuu, lakini babu hastahili kupuuzwa. Ukitaka kumwelewa, jaribu kuishi Nairobi bila kitambulisho. Askari wa getini hakuruhusu kuingia jengo lolote la maana katikati ya jiji mpaka ukitoe. Laini ya simu haisajiliwi bila hicho, na bila laini huna M-Pesa, na bila M-Pesa hata kibarua wa mjengo anasumbuka kulipwa. Wamakonde, ambao wazee wao walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani, waliishi hivyo kizazi baada ya kizazi. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona rais, na baada ya hapo vitambulisho vikatoka. Washona walioletwa na kazi ya kuhubiri kutoka Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo), wakatulia pembezoni mwa jiji hili, Githurai na Kiambaa, walingoja hadi Jamhuri Dei ya 2020 kutangaziwa uraia. Wapemba wa Pwani walitambuliwa 2023. Ukimwambia mtu wa aina hiyo kwamba kuitwa kabila ni mtego, atakuuliza kama wewe ulishawahi kulala seli kwa kukosa kadi.

Hata hivyo, Katiba ya 2010 haimtaki mtu awe na kabila ndipo awe Mkenya. Kifungu cha 14 kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa, siku aliyozaliwa, baba au mama yake alikuwa raia. Basi. Yale makabila 42 tuliyokariri shuleni hayamo katika Katiba. Na kwa wale ambao hata wazazi wao hawakuwa na uraia wa nchi yoyote, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilikuwa tayari imeweka njia: aliyeishi nchini mfululizo tangu Desemba 12, 1963 angeweza kuomba kusajiliwa. Kwa hiyo Wamakonde hawakukosa sheria. Walikosa mtu wa kuitekeleza, na huyo mtu alipopatikana akataka jambo lionekane kuwa zawadi yake. Nambari 43 ilikuwa utepe tu juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa haki yao.

Kama kuwemo kwenye orodha kungekuwa dawa, Wasomali wa Kenya wangekuwa wamepona zamani. Hakuna aliyewahi kudai kwamba hawamo. Sensa ya 2019 iliwahesabu zaidi ya milioni 2.7, wengi kuliko makabila kadhaa yanayojiona ndiyo wenye nchi. Lakini mwaka 1989 serikali ya Moi iliwapanga foleni kuwachuja upya, Msomali Mkenya akawa na kadi ya pili ya kuthibitisha ile ya kwanza. Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch. Polisi waliingia Isili (Eastleigh), mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, nyumba kwa nyumba, wakakamata watu kwa maelfu, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, mahali tunapokwenda kupeperusha bendera na kuimba wimbo wa taifa, ukageuzwa seli ya kumuuliza mtu kama ni wetu. Waliokuwa na vitambulisho halali walikamatwa pia.

Serikali nayo ina hoja, na wanaoitupa kapuni siku hizi wanafanya hivyo kirahisi mno. Watu 67 waliuawa katika shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate Septemba 2013. Watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, wengi wao wanafunzi. Mpaka wetu na Somalia unakaribia kilomita 700, na familia nyingi zina ndugu pande zote mbili. Afisa anayetia saini fomu akijua kwamba jina moja lisilofaa linaweza kurudi na mabomu ana haki ya kuwa makini. Ninachokataa ni njia yenyewe. Ukaguzi unaomwandama kila mwenye sura fulani au jina fulani haumzuii mwenye pesa ya kununua kadi mlango wa nyuma. Unamchelewesha maskini mwenye haki. Na pale Westgate, mmoja wa raia walioingia na bastola kuokoa watu alikuwa Abdul Haji, Msomali Mkenya wa familia ya Garissa. Nchi nzima ilimpigia makofi. Miezi saba baadaye, watu wa jamii yake walikuwa Kasarani.

Kibera nayo ina hesabu yake. Wanubi ni wajukuu wa askari waliotoka Sudan kupigania jeshi la Waingereza, wakapewa makao mwanzoni mwa karne iliyopita katika msitu uliokuwa nje ya mji. Mwaka 1918 eneo hilo la ekari 4,197 lilitengwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa bunduki siku ya kwanza, na jembe halikuja. Ardhi ilimegwa hadi mwaka 2017, mwezi mmoja hivi kabla ya lile tangazo la kabila la 44, walipokabidhiwa hati ya ekari 288. Hiyo nayo ilikuja msimu wa kampeni. Majirani zao, wapangaji wa miaka mingi kutoka kila pembe ya nchi, hawakushangilia wote; ghasia za kodi za mwishoni mwa 2001 kati ya wapangaji na wenye nyumba bado zinakumbukwa. Na siwezi kumlaumu mpangaji akiuliza kwa nini kuzaliwa kwake Kibera hakuhesabiwi. Haki ya jamii moja inapotolewa kwa jina la kabila, jirani asiye wa kabila hilo huhesabu amepunguziwa.

Lakini angalia vijana wawili wa Makina, huko huko Kibera, wamezaliwa hospitali ya Pumwani, wamekaa dawati moja, wamefikisha miaka 18 pamoja. Mmoja anapeleka cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi na barua ya chifu. Anawekwa alama za vidole, anapewa karatasi ya kungojea, anaondoka. Mwenzake Mnubi, kwa miaka mingi, alikuwa akipelekwa mbele ya kamati. Lete kitambulisho cha babu. Babu alizikwa wapi? Apa mbele ya wakili kwamba wewe ndiye wewe. Akikosa karatasi moja anaambiwa arudi siku nyingine, na nafasi ya kazi au ya chuo haimngojei. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa inawabagua watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Huo ndio uamuzi wa kwanza kabisa kamati hiyo kutoa dhidi ya nchi yoyote, na wa kwanza ukawa wetu.

Nadhani mzizi wa haya yote ni swali ambalo Wanairobi huulizana bila ubaya wowote: ushago, yaani kijijini kwenu, ni wapi? Desemba ikifika mji unamwagika kwenye kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus na kwenye barabara ya Nakuru, na aliyebaki anaonekana hana kwao. Hata mahakama zetu zililiunga mkono jambo hili. Katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno mwaka 1987, Mahakama ya Rufaa iliamua azikwe na ukoo wake kijijini kwao Nyalgunga, ingawa maisha yake na mke wake yalikuwa huku Nairobi. Sasa, Mnubi ushago wake ni Kibera. Mhindi wa Ngara kwao ni Ngara, na akifa anachomwa Kariokor, mahali pale pale alipochomwa Wangari Maathai mwaka 2011. Ukiendelea kumuuliza "hapana, kwenu kabisa ni wapi?" unamtaka ataje nchi ambayo huenda hajawahi kukanyaga.

Wapo watakaosema Wahindi wamejitenga wenyewe, na hawasemi uongo wote. Wana shule zao, klabu zao, ndoa zao, na kwenye maduka mengine mfanyakazi wa miaka 20 bado anaitwa kijana. Mwaka 1963 walipewa miaka miwili ya kuchagua uraia na wengi walisita, mguu mmoja Nairobi na mwingine kwenye pasipoti ya Uingereza. Lakini kusita huko kuliwagharimu: sheria za 1967 za uhamiaji na leseni za biashara zilipokuja, ziliwabana wale ambao hawakuwa wamechukua uraia, nao wakakimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa. Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia wapatao 176,000 nchini. Ya 2019 ilikuta Wakenya wa asili hiyo 47,000 na ushee. Waliobaki walibaki kwa hiari, na hilo nalo ni uzalendo, hata kama haupigiwi ngoma. Wengine walilipa zaidi: Makhan Singh alizuiliwa na wakoloni kwa zaidi ya miaka kumi kwa kuwapigania wafanyakazi na uhuru, na Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi hapa hapa Nairobi Februari 1965.

Nimejizuia kuwataja Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mara tatu, na Asif Karim, aliyewatatiza Waaustralia kwenye Kombe la Dunia la kriketi la 2003, kwa sababu nimechoka na orodha za aina hii. Kila mara tunapotaka kuthibitisha kwamba fulani ni wetu, tunatoa shujaa. Mkikuyu mvivu wa Githurai hadaiwi shujaa. Hana medali, hajaokoa mtu, na hakuna anayeuliza babu yake alizikwa wapi.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini amri ya kukomesha ukaguzi wa ziada wa vitambulisho kwa jamii za mipakani. Naiona ni hatua kubwa kuliko nambari yoyote ya kabila, kwa kuwa inagusa meza ya karani. Lakini Kibera haipo mpakani. Imepakana na Lang'ata na Woodley, na ni huko ndiko nitakapopimia amri hiyo. Wapinzani walisema haraka kwamba lengo ni kujaza daftari la wapigakura kabla ya 2027. Huenda ni kweli. Hakuna mwanasiasa wetu anayetoa kitu bila kupiga hesabu ya kura. Ila wanaosema hivyo wameacha kudai kwamba watu hawa si Wakenya. Wanalalamika tu kwamba ni Wakenya watakaopigia upande mwingine.