Swali linauliza kwa nini Maji Maji ilishindwa, mtoto anaandika kwa nini ilianza: tatizo ni Kiingereza au ni kukremu?

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Pasua, Moshi, yuko form four, kaniletea pepa yake ya mock ya historia tuipitie pamoja. Insha ya pili imepigwa mstari mwekundu toka juu mpaka chini. Kurasa tatu jamani, mwandiko mzuri, utangulizi upo, pointi sita kazipigia mstari kwa rula, hitimisho lipo. Kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi, ukatili wa maakida, kazi za shuruti, vyote kaviandika na hakuna hata kimoja cha uongo. Ila swali lilitaka sababu za vita ya Maji Maji kushindwa, yeye kaeleza sababu za vita kuanza. Nikamuuliza, swali lilikuwa linataka nini? Akajibu fasta bila hata kuitazama karatasi: "Maji Maji, madam."

Sasa jioni ile ile barazani pakawa na mjadala mkali. Mzee mmoja mwalimu mstaafu akasema hapo wa kulaumiwa ni lugha tu, mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili alafu anatupwa kwenye Kiingereza, unategemea aelewe nini. Kijana mwingine anayefundisha sasa hivi akasema hapana mzee, hawa watoto wanakremu madesa, hata ungewaandikia swali kwa Kichaga wangemwaga kilekile walichokariri. Nimekaa na hilo jambo siku kadhaa, manake nimefundisha historia na bado napokea watoto wa tuisheni, na kila mmoja wao ana cha kweli alichosema.

Nianze na lugha. Swali la insha lina neno moja dogo linalobeba kila kitu, na mara nyingi ndilo neno ambalo mtoto halijui. Chukua "account for". Huyu binti anasoma pia bukukipingi, na huko account ni lile jedwali la debiti na krediti, analichora kila siku. Akikutana na neno hilohilo kwenye historia hakuna aliyemkalisha chini akamwambia kwamba hapa maana yake ni "eleza sababu", kwa hiyo analiruka anaenda kwenye neno analolijua, na neno analolijua ni Maji Maji. Na "to what extent", yaani "kwa kiasi gani", ndo kabisa, wengi wanaisoma kama pambo la mwanzo wa sentensi.

Nilimgeuzia swali kwa Kiswahili palepale, nikamwambia haya, kwa nini walipigwa? Mtoto akachangamka. Si Wajerumani walikuwa na bunduki za rashasha, Wahehe hawakujiunga, Kinjikitile mwenyewe, yule mganga wa dawa ya maji, alinyongwa mapema tu Agosti 1905 vita ndo kwanza inaanza, alafu Wajerumani wakachoma mashamba na maghala watu wakafa njaa. Yote hayo alikuwa nayo kichwani! Kapata sifuri kwenye kitu anachokijua. Hilo linaniuma kwa kweli, na kama ningeishia hapo ningemuunga mkono yule mzee moja kwa moja.

Ila Jumamosi nikajaribu kitu. Nikawapa watoto watano swali la Kiswahili kitupu, tena la hapahapa nyumbani, la mangi, yaani chifu wa Kichaga: Kwa kiasi gani Mangi Marealle wa Marangu alishirikiana na Wajerumani kwa sababu ya ushindani wake na mamangi wenzake? Nikasema hapa lugha haipo tena, tuone. Wanne kati ya watano wakaniandikia sababu sita za machifu wa Afrika kushirikiana na wakoloni. Udhaifu wa kijeshi, tamaa ya zawadi, ushawishi wa wamisionari, zote kama zilivyo kwenye notisi, na Marealle mwenyewe katajwa mara moja kwenye utangulizi akaachwa hapo. "Kwa kiasi gani" haikuguswa na yeyote, na hiyo ni Kiswahili anachoongea mtoto sokoni Memorial akiuliza bei ya viatu.

Wakati hilo swali ukilisoma taratibu ni tamu sana. Wakati ule mlimani Kilimanjaro kulikuwa na mamangi wengi na kila mmoja alikuwa anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni, Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho walikuwa maadui kabla Mjerumani hajafika. Mwaka 1892 Mangi Meli, mtoto wa Rindi, akawapiga Wajerumani na kamanda wao von Bülow akauawa, mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa wakamshinda, na Marealle akazidi kupanda. Tarehe 2 Machi 1900 Meli akanyongwa Old Moshi. Sasa mtoto anayejibu "kwa kiasi gani" inabidi apime: je, Marealle aliwapenda Wajerumani, aliwaogopa, au aliwaona kama fimbo ya kuwapigia majirani? Alafu aseme ipi ilikuwa nzito zaidi na kwa nini. Hakuna desa la pointi sita linalokupa hilo jibu.

Ndo maana nasita nikisikia watu wanasema somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa kuwa linafundishwa kwa Kiswahili, litamaliza haya matatizo. Litasaidia, na nalipokea kwa mikono miwili, mtoto atapunguziwa mzigo mmoja mkubwa sana. Ila ule mzigo mwingine atabaki nao.

Pia sikubali kuwaponda walimu wa pointi sita. Nimekuwa mmoja wao. Una darasa limefurika, vitabu havitoshi, una vipindi vichache na silabasi haisubiri, hapo ukiwapa pointi sita zenye vichwa vya habari unamvusha hata yule ambaye angeacha karatasi tupu, na wapo waliopata D yao ikawapeleka chuo cha ufundi, leo wanakula jasho lao. Na maswali mengi yenyewe yanataja idadi, eleza sababu sita, kwa hiyo mwalimu anafundisha kile kinachoulizwa. Mtu akija kumwambia mwalimu huyo aache pointi afundishe kufikiri, amsaidie pia na muda.

Kosa naliona mahali padogo zaidi. Pointi tunazigandisha kwenye mada wakati zinatakiwa zigeuzwe kufuata swali. Angalia ile dawa ya maji yenyewe. Kwenye swali la kwa nini vita ilisambaa, maji ni pointi ya nguvu: Wamatumbi waling'oa pamba Julai 1905, na imani ile ikawaunganisha na Wangindo, Wapogoro, Wangoni, watu ambao hawakuwahi kuwa na mtawala mmoja. Kwenye swali la kwa nini ilishindwa, maji yaleyale yanarudi kama udhaifu, manake watu walizikabili rashasha wakiamini risasi zitageuka maji. Jambo ni lilelile moja ila linabeba kazi mbili tofauti. Mtoto aliyekariri "imani ya maji" ataiandika kote kwa sentensi ileile, atapata kwingine akose kwingine na hatajua kwa nini.

Kwa hiyo mimi naegemea zaidi upande wa yule kijana, ila nusu ya hoja ya mzee naibeba, kwa sababu mtoto hawezi kugeuza pointi ifuate swali ambalo hajalielewa. Ninachofanya sasa barazani ni kitu kidogo tu. Kabla hawajagusa kalamu wanalisema swali kwa Kiswahili chao kwa sauti, alafu nawauliza, mtu akikosea swali hili atakuwa ameandika nini? Hilo la pili ndo linawafungua macho, manake wanaanza kuuona ule mtego wenyewe.

Binti nilimwambia arudie insha. Karudi jana na ukurasa mmoja na nusu, pointi nne tu, ya tatu inaanza hivi: njaa haikuwa bahati mbaya, Wajerumani waliitumia kama silaha. Hiyo sentensi haipo kwenye notisi zake, nilizikagua. Akaniuliza kama kwenye mtihani wa taifa wataikubali au atafute mbili zaidi zitimie sita. Nilimwambia kama swali limetaja sita atafute mbili zaidi, ila hiyo ya njaa asiifute.