Dashibodi ya mwaka mwingine: kuingia itaingia, kazi iko kwenye waya

Mtu akitaka kutoa dashibodi kwenye gari ya mwaka fulani aiweke kwenye gari ya mwaka mwingine, modeli ile ile, swali lake la kwanza huwa "itaingia?" na mi naona hilo swali ndo linapoteza watu wengi, kwa sababu jibu lake mara nyingi ni ndio, itaingia, bolti zitakaa, plastiki itabana vizuri tu chini ya kioo cha mbele, na mtu akishaona hivyo anajua kazi imekwisha kumbe hajaanza hata robo. Swali la kuuliza ni waya za nyuma ya hiyo dashibodi zinaongea lugha gani na gari yako.

Iko hivi. Kampuni haibadilishi bodi ya gari kila mwaka. Bodi moja inaweza kukaa miaka sita, nane, hata kumi, bati la ndani ni lile lile na matundu ya bolti mengi yako pale pale, ila katikati ya hiyo miaka wanaingia ndani wanabadilisha dashibodi, meta (kile kibao cha sindano na taa mbele ya dereva), usukani, na pamoja na hivyo vinavyoonekana wanabadilisha na mfumo wa umeme ambao wewe huuoni. Chukua pikapu za Chevrolet na GMC za 1988 mpaka 1998, zile zenye jina la kiwandani GMT400. Kwa nje ni gari moja. Lakini mwaka wa modeli 1995 ndani palifanywa upya, dashibodi nyingine, paneli za milango nyingine, na eabegi ya dereva, ule mfuko unaojaa gesi siku ya ajali, ikaingia kwenye usukani kwa pikapu nyingi za hiyo familia. Mwenye ya 1991 akiiona ya 1996 anaitamani, na simlaumu hata kidogo, dashibodi yake imepasuka kwa jua na za zamani zilizo nzima zinazidi kuadimika, sasa ya miaka ya mbele imelala pale kwenye gari ya kuchinja, yaani ya kutolewa vipuri, safi, haina ufa. Mi mwenyewe napenda sana hii kazi na siwezi kumwambia mtu asiifanye. Ninachopinga ni kuifanya nusu.

Kitu kinachonikera zaidi ni soketi. Unachomoa soketi kwenye meta ya zamani, unachomeka kwenye meta mpya, inaingia klik, rangi ile ile, umbo lile lile, na hapo ndo fundi anajiamini anaweka betri. Kiwanda kinaweza kutumia umbo moja la soketi kwa miaka mingi huku kinahamisha kazi za pini ndani yake. Pini ambayo kwenye gari ya zamani ilikuwa inapokea volti 12 za taa, kwenye mpya inaweza kuwa ni eathi, au ni waya wa sensa ambao haukutakiwa kuonja zaidi ya volti 5. Kwa hiyo kabla ya kugusa swichi, chora safu mbili kwenye karatasi, kushoto pini za gari yako, kulia pini za dashibodi unayoleta, unaandika kila moja rangi ya waya, inatoka wapi, inabeba nini, ukitumia mchoro wa umeme wa kila mwaka na sio wa mwaka mmoja ukikisia ule mwingine. Inachosha, ndio, ni jioni nzima umeinama mezani hujashika spana, lakini hiyo karatasi ndo dashibodi yenyewe, ile plastiki ni ganda.

Na hata waya zikifika mahali sahihi bado geji zinaweza kukudanganya, hii watu hawaiongelei vya kutosha. Geji ya mafuta haijui kuna lita ngapi, inajua upinzani wa umeme tu, unaopimwa kwa omu, unaotoka kwenye boya la ndani ya tenki. Ford za zamani boya lilikuwa linatoa kama omu 73 tenki likiwa tupu na 10 likijaa. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1980 wakageuza, ikawa kama 16 tupu na 158 limejaa. Sasa chukua meta ya mfumo mpya uiweke kwenye gari yenye tenki la zamani: umejaza mafuta mpaka shingoni, sindano inalala kwenye E, yaani tupu, halafu unaendesha, mafuta yanaisha, na yeye anapanda pole pole mpaka karibu na nusu, na hapo ndo gari inazima njiani. Hakuna waya uliokosewa hapo, kila kitu kimeungwa sawa. Dawa ni kubadilisha boya ndani ya tenki, au kuweka kifaa cha kutafsiri hizo omu katikati, au kuhamisha geji yako ya zamani kwenye uso wa meta mpya kama inakubali.

Mfano mwingine ninaoupenda ni Mazda MX-5 ya kwanza kabisa. Za mwanzo zilikuwa na geji ya kweli ya presha ya oili, sindano inapanda na kushuka kufuatana na injini. Kuanzia za 1995 hivi kiwanda kikaweka geji inayofanana kwa sura lakini nyuma yake ni swichi tu, presha ikiwepo sindano inakaa katikati, isipokuwepo inaanguka. Kwa macho huwezi kuzitofautisha ukiwa umezishika mkononi. Ukileta meta ya miaka ya mwanzo kwenye injini ya miaka ya baadaye bila kubadilisha na sensa iliyofungwa kwenye bloku ya injini, basi kile unachosoma kwenye presha ya oili hakina maana yoyote, na presha ya oili ni kitu cha mwisho kabisa ambacho dereva anatakiwa kudanganywa nacho. Halijoto ya injini vivyo hivyo. Erpiemu nayo, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, kama meta imetoka kwenye gari ya silinda 6 na yako ni ya 4 namba hazitakuwa sahihi mpaka urekebishe.

Hayo yote ni ya magari ambayo kila geji ina waya wake. Ukivuka kwenda kwenye magari ambayo kompyuta zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa jozi ya waya, mambo yanabadilika kabisa. Marekani mfumo wa OBD-II, ule wa gari kujipima na kutoa makosa yake, ulikuwa lazima kwenye magari madogo kuanzia modeli za 1996, na kufika modeli za 2008 ikawa lazima mawasiliano ya kupimia gari yapite kwenye CAN, ndo hiyo njia ya jozi ya waya. Kwenye gari za namna hii meta ni kompyuta, inasubiri ujumbe fulani, na ujumbe wa mwaka huu unaweza kuwa na namba tofauti na wa miaka mitatu nyuma, kwa hiyo unawasha swichi unakuta sindano zimelala, taa za onyo zimejaa kama zote, na hakuna waya wa kufuata kwa testa. Halafu kuna immobilaiza, kinga ya wizi inayozima injini isipoutambua ufunguo. Volkswagen nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na zilizofuata immobilaiza iko ndani ya meta, ukibadilisha meta bila kuioanisha na kompyuta ya injini gari inawaka sekunde moja inazima, inawaka inazima, na mtu anaanza kubadilisha pampu ya mafuta. Pampu haina kosa.

Ndo maana msimamo wangu ni mmoja na siyumbi: ukitaka dashibodi ya mwaka mwingine usinunue dashibodi, tafuta gari zima la kuchinja. Toa waringi yote ya kabini mpaka kwenye soketi kubwa inayopita kwenye bati linalotenga injini na abiria, toa nguzo ya usukani na swichi zake, boksi la fyuzi, boksi la hita na AC, kompyuta ya injini na funguo zake kama meta ndo inashika immobilaiza, toa kompyuta ya eabegi, toa ule mhimili wa chuma unaopita upande mmoja wa gari mpaka mwingine nyuma ya plastiki, huo ndo umebeba usukani na usiuache. Usikate waya hata mmoja, chomoa. Piga picha kila hatua, bandika tepu yenye jina kwenye kila soketi. Na usisahau paneli za milango, kwenye zile GMT400 za 1995 zilibadilishwa pamoja na dashibodi, kwa hiyo ukiacha za zamani mwisho wa dashibodi na mwanzo wa mlango haviongei kabisa na jicho linaona kila ukiingia.

Eabegi sasa. Hapa naomba mtu anisikilize vizuri. Marekani eabegi mbili za mbele zilikuwa lazima kwa magari madogo kuanzia modeli za 1998, kwa hiyo kuna magari mengi ambayo miaka ya nyuma upande wa abiria ni kasha la kuwekea vitu na miaka ya mbele ni eabegi. Ukipandisha dashibodi yenye eabegi kwenye gari isiyo na sensa wala kompyuta yake, umeweka baruti mbele ya magoti ya abiria ambayo siku ya ajali haitamsaidia. Ukishusha, yaani ukiweka dashibodi isiyo na eabegi kwenye gari iliyokuwa nayo, taa ya onyo itawaka, na najua kuna mafundi wanaweka rizista ya omu 2 au 3 kwenye soketi ya njano ili kompyuta ione kama eabegi ipo na taa izime. Huo ni uongo anaouziwa mtu atakayekaa kwenye kile kiti, labda mnunuzi wa baadaye na mtoto wake, na mi sioni tofauti yake na kumfunga mtu mkanda uliokatwa. Kama eabegi haipo acha taa iwake, au mwambie mwenye gari kwa maandishi.

Na eabegi yenyewe ya mkono wa pili si kitu cha kuokota tu. Inflata za Takata, yaani vile vilipuzi vinavyoujaza mfuko gesi, zilizotumia amonia naitreti isiyo na dawa ya kukausha unyevu, zilikuwa zinaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi halafu zikilipuka zinarusha vipande vya chuma, Marekani peke yake zilizoitwa kurudishwa ni zaidi ya milioni 60. Kwa hiyo kabla hujanunua dashibodi yenye eabegi chukua namba ya chesisi ya lile gari lililochinjwa uiangalie kwenye orodha ya magari yaliyoitwa kurudishwa, na kama muuzaji hana namba ya chesisi achana na eabegi yake. Ukifika kwenye kuchomoa, toa waya wa betri usubiri, Toyota wanaandika sekunde 90, Honda dakika 3, chaji iliyobaki iishe kwanza. Usiipime eabegi kwa mita ya omu, kamwe.

Hiyo namba ya chesisi ina faida nyingine pia. Kwa magari ya soko la Marekani na Kanada kuanzia 1981 ina herufi na tarakimu 17, na ya 10 inakuambia mwaka wa modeli, ambao si lazima uwe mwaka wa usajili, na hapa ndo watu wanapigwa, gari imesajiliwa mwaka mmoja lakini modeli ni ya mwaka unaofuata na waringi ni ya mwaka unaofuata. Ila kuna magari ambayo kibati cha hiyo namba kinachoonekana kupitia kioo cha mbele kimepigwa ribiti kwenye dashibodi yenyewe, na ukihamisha dashibodi kama ilivyo umehamisha kitambulisho cha gari lingine kwenye gari lako. Marekani kukichezea ni kosa la jinai la serikali kuu, na kwingine kwingi nako ni kesi. Uliza mamlaka ya usajili kabla hujagusa ile ribiti.

Odomita inakwenda humo humo. Meta ya gari nyingine imekuja na kilomita za gari nyingine. Sheria ya Marekani ya 1972 ilishaliona hili, ukibadilisha odomita na ukashindwa kuirudisha kwenye namba halisi unatakiwa uiweke sifuri na ubandike karatasi kwenye fremu ya mlango wa kushoto yenye kilomita za zamani na tarehe ya kubadilisha. BMW E46 (jina la kiwandani la kizazi kimoja cha 3 Series) wao wanahifadhi namba pia kwenye moduli ya taa, yaani kompyuta ndogo ya taa, meta na moduli zisipokubaliana kinatokea kidoti kidogo kwenye kioo cha odomita. Kwa gari yoyote ile piga picha ya odomita ya zamani kabla hujaitoa, andika tarehe, weka kwenye faili la gari, na siku ya kuuza mpe mnunuzi.

Kama shida yako ni ufa tu, hutaki geji mpya wala sura mpya, basi tafuta ganda la kundi lile lile la miaka uhamishie meta yako, waya zako na eabegi yako, ni kazi ya mchana mmoja kwa aliyezoea na hakuna lolote kati ya haya litakalokusumbua. Ukiamua kuvuka miaka, usifunge kipande cha mwisho chini ya usukani mpaka uwe umewasha kila kitu kimoja kimoja huku dashibodi iko wazi, indiketa, honi, waipa spidi zote, hita kwenye moto na baridi, taa za breki mtu amesimama nyuma anakuambia, taa ya eabegi inawaka na kuzima yenyewe kama mwongozo unavyosema, tenki ulijaze kidogo kidogo huku unatazama sindano, na uendeshe karibu na nyumbani mpaka injini ipate moto kabisa.