Kipande House na hoja ya kubomoa majengo ya mkoloni

Kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Loita Street, Nairobi, kuna jengo la mawe lililokamilika mwaka 1913. Leo ni tawi la benki. Wateja wanapanga foleni pale pale ambapo wanaume wa Kiafrika walichukuliwa alama za vidole, wakakabidhiwa kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha enzi za mkoloni, cha kuvaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Ndiyo asili ya jina Kipande House.

Wapo wanaotaka majengo ya namna hii yaondoke, na hoja yao ina uzito. Kiwanja cha katikati ya jiji ni ghali. Ukarabati unakula fedha. Na mtu ambaye babu yake alitiwa ndani kwa kukosa kipande ana haki ya kuuliza kwa nini serikali huru iyalinde mawe hayo kisheria.

Kwa upande wa sanamu, nakubaliana nao. Ile ya Malkia Victoria ilisimama kwenye bustani ya Jeevanjee Gardens, Nairobi, tangu 1906 hadi ilipoangushwa na kukatwa kichwa mwaka 2015. Ilikuwa ya kumtukuza mtawala ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hii, na sioni sababu ya kuirudisha.

Jengo lililotumika kutawala ni jambo jingine kabisa: ni ushahidi. Kulibomoa ni kumsaidia mkoloni kufuta nyayo zake. Tena, matumizi yanaweza kugeuka. Maktaba ya McMillan, yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao. Leo mwanafunzi kutoka mitaa ya Eastlands, mashariki mwa jiji, anaingia na kudurusu humo bila kuulizwa rangi yake.

Hata hivyo, kuhifadhi kuta tu hakutoshi. Hapo hapo Kenyatta Avenue kuna mnara wa askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yanawasifu wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini wale makumi ya maelfu waliokufa kwa maradhi na njaa hawatajwi hata mmoja kwa jina. Hilo linaniumiza kuliko sanamu yoyote ya malkia.

Kwa hiyo ningeanzia Kipande House: kikebe halisi kiwekwe ndani ya kioo kwenye ukumbi wa benki, na maelezo kwa Kiswahili, mbele ya foleni.