Mionzi haipiki asali

Ikitajwa habari ya kuua vijidudu kwa mionzi ya gama katika asali ya kutibia vidonda, pingamizi la kwanza Tabora ni kwamba asali iliyopita huko imeshapikwa, sawa na iliyochemshwa sufuriani. Pingamizi hilo halikuzuka tu. Warina asali wa Sikonge na Urambo wamehimizwa sana kuiepusha na moto, kwa kuwa joto huharibu vimeng'enya vyake na kupandisha HMF, kemikali inayoongezeka asali ikipashwa moto, ambayo Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, huiwekea kikomo cha miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto. Tena ni kweli kwamba nishati ya mionzi ikishanaswa na kitu, karibu yote huishia kuwa joto. Tunachogombana ni kiasi chake, na kiasi hicho kinapigiwa hesabu.

Mionzi hupimwa kwa grei: grei 1 ni jouli 1 ya nishati iliyonaswa na kilo 1. Gawanya grei kwa jouli zinazotakiwa kupandisha kilo moja ya kitu hicho nyuzi joto 1, utapata nyuzi zilizoongezeka. Asali hutaka jouli 2,400 hivi. Kipimo kilichozoeleka kwa asali ya vidonda ni kilogrei 25, yaani grei 25,000, basi joto hupanda nyuzi 10 hivi: iliyoingia na nyuzi 25 hutoka na 35. Na hapo tumechukulia kwamba hakuna joto lililovuja. Chini ya kobalti-60, chuma chenye mionzi kinachotoa gama, kazi huenda saa nyingi, joto likivuja muda wote, hivyo ongezeko halisi huwa dogo zaidi. Ndoo iliyoachwa juani nyuma ya lori mwezi wa Oktoba hupata moto kuliko hivyo, na hakuna anayesema imepikwa.

Njia nyingine ya kuua spora, yaani bakteria waliojifungia katika ganda gumu, ni mvuke wa nyuzi 121. Huo ndio upishi hasa, nao humaliza kimeng'enya kinachozalisha peroksaidi ya haidrojeni, ambayo ni sehemu kubwa ya nguvu ya asali kwenye kidonda. Gama ilichaguliwa kwa sababu hiyo: vipimo vimeonyesha kwamba kwa kilogrei 25 nguvu ya asali dhidi ya bakteria haipungui.

Hesabu hiyo ni ya asali, si ya chombo. Chuma hutaka jouli 450 tu, kwa hiyo kwa kipimo kilekile kingepanda nyuzi 55. Kwenye mashine inayotumia elektroni badala ya gama, inayomaliza kazi kwa sekunde, joto halipati muda wa kuvuja. Kifuniko cha bati kinaweza kuipasha moto asali inayokigusa. Tumia plastiki. Asali pia ni nzito, lita moja ina kilo 1.4, na gama hudhoofika kadiri inavyozama ndani. Ukitaka katikati ya ndoo kubwa ipate kilogrei 25, pembeni panaweza kufika 40, yaani nyuzi 17. Vifungashio viwe vidogo, vigeuzwe pande zote mbili. Chumba cha mionzi nacho kipitishe hewa, maana kila kyuri 1,000 (kyuri ni kipimo cha ukali wa chanzo cha mionzi) za kobalti hutoa wati 15 za joto usiku na mchana.

Wanaopinga wana hoja moja nzito, ingawa mara nyingi si hiyo wanayoitaja. Joto dogo si ushahidi wa madhara madogo. Grei 4 mwili mzima zaweza kumuua mtu asipotibiwa, na joto la mwili haliongezeki hata nyuzi 0.002. Madume ya mbung'o waliohasiwa na kuachiwa Unguja miaka ya 1990 walipigwa grei 120 hivi. Hawakupata hata nyuzi 0.1, lakini hawakuzalisha tena. Mionzi huvunja molekuli mojamoja, na kipimajoto hakioni hilo. Kwa hiyo anayeitetea gama kwa kusema tu “haipashi moto” hajamaliza kazi: apime HMF, vimeng'enya na rangi kabla na baada.

Wengine huhofia asali itageuka kuwa na mionzi. Nishati ya gama ya kobalti haifiki kiwango cha kufanya hivyo.

Asali ya mezani haina haja ya haya yote. Kuisafirisha mbali na Tabora na kulipia mitambo ni gharama isiyo na faida. Ile ya vidonda ni jambo jingine. Mnunuzi wake adai namba tatu kwa kila shehena: kipimo cha chini kilichopatikana ndani ya mzigo, cha juu, na joto la asali ilipotoka chumbani.