Mama Mkwe Agoma Kushuka

Tiketi alikata mke wangu, na sijui alikuwa na kinyongo gani nami, maana alitupanga viti vya ubavu kwa ubavu, mimi na mamake. Mliooa Vihiga mnaelewa. Mama mkwe husalimiwa kwa mbali. Sasa mama akasimama katikati ya ndege pale Kisumu, akakataa katakata kuketi, hadi abiria mmoja mwenye huruma alipobadilishana nami kiti. Nikahamia nyuma kabisa, mlangoni pa choo.

Kisumu hadi Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 350. Mama amezipita kwa basi tangu ujana wake na anazijua kituo kwa kituo: Ahero, Awasi, Kericho, kisha Nakuru ambako watu hushuka kula na kujisaidia, halafu Gilgil na Naivasha. Saa saba au nane, malori yakiwa na huruma. Ndege hukatiza tu juu ya Bonde la Ufa, dakika 45 hivi. Nilimweleza. Akaitikia "eeh" kwa upole, vile mtu humwitikia mlevi, kisha akafunga kuku mzima wa kienyeji na ugali wa mchana kutwa.

Tulipaa saa mbili asubuhi. Mama ndiyo kwanza anafungua majani ya mgomba, rubani akatangaza kwamba tunashuka. Harufu ya kuku ilitembea mpaka kule chooni. Tumbo langu likanguruma, lakini mkwe hali mbele ya mama mkwe.

Ndege ikasimama. Watu wakatoka. Mama hakujitikisa.

"Mama, tumefika."

"Hapa ni Nakuru. Nenda ukajisaidie, mimi nitalinda mizigo."

Mhudumu akamhakikishia kwamba ni Nairobi. Mama akataka kujua: majani chai ya Kericho tumeyapita saa ngapi, yeye akiwa macho? Ikabidi rubani mwenyewe atoke.

"Wewe ndiye dereva?"

"Ndiye, mama."

"Mwendo kama huu ndio unaomaliza watu, mwanangu."

Rubani akaomba msamaha. Hapo ndipo mama alipokubali kushuka, paja la kuku mkononi.

Nje hapakuwa na wa kutupokea. Nikampigia mke wangu, naye akashangaa: "Si Mama alinipigia jana akasema nije saa kumi na moja?" Alikuwa kazini, hawezi kutoka. Teksi je? Mama hakutaka hata kuisikia. Bintiye amesema atakuja, basi atasubiriwa. Tukasubiri, yeye benchi hili, mimi lile la mbali, kuku akiliwa kidogo kidogo mbele ya macho yangu hadi akabaki mifupa.

Mke wangu alifika jua likielekea kutua, foleni ya Mombasa Road ikiwa imemchosha. Mama akajikung'uta leso, akanigeukia.

"Umeona, mkwe? Nilikwambia Nairobi hufikwa jioni."