Hata aliyejitakia kisu huuguzwa

"Msiba wa kujitakia hauna kilio." Jirani yetu aliyasema hayo akiwa mlangoni, hapa Busia, Uganda, kwa sauti ambayo dada yangu aliisikia vizuri kutoka chumbani alikolala chali, mito imepangwa chini ya kichwa, uso umevimba mpaka mikunjo ya kope haionekani. Maneno hayo yamenikaa rohoni. Nimesikia wengine wengi wakiyarudia kwa namna zao, na sasa nayajibu.

Dada alifanyiwa upasuaji wa kope za juu Kampala. Ngozi ilikuwa imelegea, ikamlalia machoni, kila mtu akawa anamuuliza kama amelia au hajalala. Alikuwa anaona vizuri. Alitaka kupendeza, na fedha alizipata kwa kuuza vitenge vyake mwenyewe mpakani. Wapo wanaosema ni kubadilisha alichoumba Mungu. Sawa, mjadala huo una wenyewe. Mimi ninazungumzia yanayokuja baada ya kisu, kwa sababu kidonda hakijui kama kilitakiwa au hakikutakiwa.

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yoyote mwilini. Ikikatwa, uvimbe hupanda haraka, na damu hujipenyeza chini yake hadi mashavuni. Siku ya 2 na ya 3 ndizo mbaya zaidi, wakati ule ule ambapo wageni wanatarajia kumkuta ameketi sebuleni. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Weusi wa damu hufifia kwa muda wa wiki 2 hivi, na kovu huchukua miezi kutulia.

Katika siku hizo za mwanzo haruhusiwi kuinama wala kuinua kitu kizito. Haya, niambieni: mwanamke wa nyumba zetu atapikaje bila kuinama, na sigiri iko chini? Atafuaje? Atamwogesha nani? Ukiinama, damu inakimbilia kichwani na kidonda kibichi kinaweza kuvuja upya. Tena kuna moshi wa mkaa. Dada alipokuwa usingizini, kati ya kope ya juu na ya chini palibaki mstari mwembamba mweupe. Jicho lilikuwa halijafunga. Hilo hutokea mwanzoni, na jicho la namna hiyo hukauka na kuchubuka lisipotunzwa. Nilikuwa nikimvutia kope ya chini kwa kidole, nampaka marhamu taratibu, nangoja apepese mara mbili ndipo nizime taa. Kazi hiyo mgonjwa hawezi kujifanyia vizuri. Anahitaji mtu.

Ndiyo maana neno "kajitakia" linanikasirisha. Linawaondoa watu. Shangazi aliyekuja na maziwa nilipokuwa na malaria hakuja safari hii, na binamu waliokuwa na zamu ya kupika walipata udhuru. Dada akaanza kusema hajisikii vibaya, akataka kuamka apike ili asimsumbue mtu. Aibu ilikuwa inamtoa kitandani. Sheikh wetu, nilipomuuliza kuhusu sijida na kutia udhu, hakuuliza sababu ya kidonda hata kidogo. Alisema mgonjwa anaswali ameketi na kuashiria, na maji yakimdhuru ipo tayamamu. Kama dini imempa nafasi ya ugonjwa, sisi majirani tumepata wapi mamlaka ya kumnyima?

Niseme pia kwamba si kila udaku ulikuwa mbaya. Mtu alimwona dada dirishani na miwani nyeusi, akaenda kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, na mwenyekiti akaja kumhoji shemeji kama anampiga mkewe. Shemeji alikasirika sana. Mimi nilishukuru. Siku mwanamke mwingine atakapopigwa kweli, nataka miguu hiyo hiyo ikimbie.

Lakini hasira yangu kubwa ni kwa kliniki. Walimruhusu jioni ile ile huku wakijua anarudi Busia, karibu kilomita 200, wakampa karatasi ya Kiingereza yenye namba moja ya simu. Usiku jicho la kulia likavimba kuliko la kushoto. Tukapiga: simu imezimwa. Tukaenda kituo cha afya cha karibu, muuguzi wa zamu akatuambia turudi kwa waliomkata. Mwisho ikawa kheri, kwa maana jicho moja kuvimba kidogo kuliko jingine ni jambo la kawaida. Ila kuna hali nyingine: damu kuvuja nyuma ya jicho. Ni nadra, takriban mgonjwa 1 kati ya 2,000, na mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 za kwanza. Maumivu huwa makali na ya kuzidi, jicho linasukumwa nje na kuwa gumu, kuona kunafifia. Shinikizo lisipoondolewa upesi, jicho linaweza kupofuka moja kwa moja. Hapo hakuna kusubiri kupambazuke. Ni hospitali yenye daktari wa macho, mara moja.

Linganisheni na mikoa ya Karamoja au Busoga, ambako vikope, ule ugonjwa wa macho uitwao trakoma, vimewageuzia wazee kope ndani, nywele zinakwaruza mboni. Mgonjwa huyo akishapasuliwa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka aonwe kesho yake, aonwe tena kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha baada ya miezi 3 hadi 6. Bibi ambaye hakulipa hata shilingi anatafutwa kijijini kwake! Aliyelipa mamilioni Kampala anapewa simu iliyozimwa. Siwezi kulikubali hilo.

Na karatasi ile ilikuwa na picha za nyuso za Wazungu. "Angalia wekundu," imeandikwa. Kwenye ngozi yetu wekundu unaweza kukupita. Mguse kwa mgongo wa mkono uliooshwa: kuna joto, pamekuwa pagumu, panatoa usaha, panauma kuliko jana? Makovu yanayofura ni nadra kwenye kope hata kwa sisi weusi, lakini kama sikio lako lilifura ulipotoboa, mwambie daktari kabla hajakata. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa msimpe bila daktari kusema, kwani zinaweza kuongeza kuvuja damu. Maziwa ya mama na maji ya majani yasiguse macho hayo.

Kwa hiyo, dada zangu mnaopanga safari hiyo, hakikisheni kwanza jina la daktari limo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari. Kisha pigeni namba yao usiku wa manane kabla hamjalipa. Isipopokelewa, fedha zibaki mkobani. Na anayekwenda peke yake bila kumwambia mtu nyumbani, aniambie mimi. Barafu nitaleta, na sigiri nitawasha.